Kipimo Safi, Mkono Umevimba: Kwa Nini Baridi Yabisi Huwaponyoka Madaktari

Baridi yabisi, ugonjwa ambao hospitalini huitwa rumatoidi athraitisi, hauna subira. Viungo vikishaanza kuvimba, kuna miezi michache, takriban mitatu, ambayo dawa sahihi ikianzwa humpa mgonjwa nafasi kubwa ya kuutuliza ugonjwa kabla haujafika kwenye mifupa. Akicheleweshwa mwaka mmoja au miwili nafasi hiyo hupungua sana, na kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudishwi na dawa yoyote. Mabingwa wa magonjwa ya viungo wamekuwa wakiyasema haya tangu miaka ya 1990. Bado wagonjwa wengi mno wanaanza matibabu wakiwa wamechelewa, na sehemu kubwa ya muda huo haikupotelea nyumbani. Ilipotelea mbele ya daktari aliyeangalia majibu ya maabara akasema hakuna tatizo.

Sisemi kwamba madaktari ni wazembe. Wazembe wapo, kama walivyo katika kila kazi, lakini uzembe hauelezi kwa nini makosa yaleyale yanarudiwa na watu wasiojuana, waliosoma vyuo tofauti, wengine wakiwa hodari katika kila jambo jingine la udaktari. Kosa linalorudiwa namna hiyo limefundishwa mahali. Inafaa tulifuate mpaka lilikoanzia, kwa sababu mgonjwa anayejua ni wapi daktari wake anaweza kuteleza ana uwezo wa kumzuia.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kila kiungo kinachokunjika kimezungukwa kwa ndani na utando mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Katika baridi yabisi, mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu, unaushambulia utando huo. Utando unavimba, kiungo kinajaa maji, utando unanenepa, kisha unaanza kutambaa juu ya gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na kuila, na baada ya gegedu ni zamu ya mfupa. Mara nyingi mambo huanzia kwenye viungo vidogo: pale vidole vinapoungana na kiganja, kwenye vifundo vya mikono, na kwenye nyayo chini ya vidole vya miguu. Mara nyingi pia huwa pande zote mbili za mwili kwa pamoja. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na wengi huanza kuuona wakiwa na umri kati ya miaka 30 na 60, yaani katikati ya kazi na malezi.

Dalili inayoutofautisha na mengine ni asubuhi. Kupumzika hakuusaidii, kunauzidisha. Mtu analala akiwa na nafuu na kuamka akiwa amekakamaa: hawezi kufunga ngumi, hawezi kufungua bomba, hawezi kufunga vifungo vya shati la mtoto. Ukakamavu huo huchukua saa nzima, mbili, wakati mwingine mpaka adhuhuri, halafu unaachia kidogo kidogo kadiri anavyotumia mikono.

Ugonjwa wa kusagika viungo, osteoathraitisi, ni kitu kingine kabisa. Huko gegedu inalika taratibu kwa miaka, maumivu yanaongezeka kiungo kinapotumika na kupungua kikipumzishwa, ukakamavu wa asubuhi huisha ndani ya nusu saa, na viungo vinavyoandamwa ni magoti, nyonga, na vifundo vya mwisho vya vidole karibu na kucha. Sasa tazama hesabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na osteoathraitisi, na watu milioni 18 walikuwa na baridi yabisi. Karibu thelathini kwa mmoja. Daktari aliyezoea kuona wale thelathini, akiingiliwa na wa thelathini na moja akisema “viungo vinaniuma”, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye jibu alilozoea: umri, uzito, kazi nzito, nenda ukapumzike. Kwa mgonjwa huyu kila neno la ushauri huo ni kosa.

Na kuhusu umri: Christiaan Barnard, daktari wa Afrika Kusini aliyeongoza upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967, aliambiwa ana baridi yabisi mwaka 1956, akiwa na miaka 33. Mikono ndiyo iliyomlazimisha kuacha upasuaji mwaka 1983. Kumwambia mama wa miaka 33 kwamba bado ni mdogo mno kwa “ugonjwa wa wazee” ni kutojua hata historia ya taaluma yenyewe.

Karatasi ya maabara

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, liko kwenye kipimo cha damu kinachoitwa rumatoidi fakta. Kilielezwa na Erik Waaler wa Norwei mwaka 1940, kikathibitishwa tena na Harry Rose na wenzake huko Marekani mwaka 1948, na kwa sababu kimebeba jina la ugonjwa, vizazi vya madaktari vimekifanya kuwa hakimu wa ugonjwa. Kikiwa chanya, unao. Kikiwa hasi, huna. Sivyo ilivyo.

Kipimo hiki hutafuta kingamwili fulani, yaani protini ya mfumo wa kinga, ambayo wagonjwa saba au wanane kati ya kumi hupatikana nayo hatimaye. Wale wawili au watatu waliobaki wana baridi yabisi halisi, inayokula mifupa halisi, na damu yao haisemi kitu. Katika miezi ya mwanzo, wakati ambapo jibu linahitajika zaidi, wasio na kingamwili hiyo ni wengi zaidi. Upande wa pili, kingamwili hiyohiyo hupatikana kwa watu wenye homa ya ini aina ya C, kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo, na hata kwa wazee wasio na ugonjwa wowote. Kwa hiyo kipimo kimoja kinaweza kumnyima mgonjwa matibabu anayostahili na kumbandika mtu mwenye afya ugonjwa asio nao, katika zahanati moja, asubuhi moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuja kipimo bora, kinachoitwa anti-CCP. Hiki kikiwa chanya ni nadra kudanganya, na kinaweza kuwa chanya miaka kabla ya dalili. Lakini nacho humkosa karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu. Vipo pia vipimo vya kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini, ESR na CRP. Hivi vimetafitiwa sana, na imeonekana kwamba takriban wagonjwa wanne kati ya kumi huwa na majibu ya kawaida wanapofika kwa mara ya kwanza. Picha ya eksirei nayo katika miezi ya mwanzo huwa haina kitu, kwa sababu mfupa bado haujaguswa. Daktari anasema “mifupa yako mizima”, na anasema kweli. Anachokosa kuona ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuharakisha: mifupa bado mizima, tuifanye ibaki hivyo.

Wataalamu wenyewe walishalirekebisha jambo hili. Vigezo vya zamani, vya mwaka 1987, vilikuwa na mambo kama vinundu chini ya ngozi na mifupa iliyomomonyoka kwenye eksirei, dalili za mtu aliyekwisha kuumwa muda mrefu. Mwaka 2010 vyama vya mabingwa wa Marekani na Ulaya vilitoa vigezo vipya vya pamoja. Mlango wa kuingilia ni kiungo kimoja kilichovimba ambacho daktari amekishika kwa mkono wake na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe huo vizuri zaidi. Baada ya hapo zinahesabiwa alama, jumla 10, na anayefikisha 6 ana baridi yabisi. Mtu mwenye viungo zaidi ya kumi vilivyoathirika, vikiwemo vidogo, anapata alama 5. Dalili zikiwa zimedumu wiki sita au zaidi anaongezewa 1. Jumla 6. Hiyo ina maana kwamba kwa vigezo vinavyotumika leo duniani kote mtu anaweza kutambuliwa kuwa na baridi yabisi huku rumatoidi fakta yake ikiwa hasi, anti-CCP hasi, ESR na CRP kawaida. Daktari anayemrudisha mgonjwa huyu nyumbani kwa sababu “vipimo viko safi” anapingana na kitabu chake mwenyewe.

Kinachobaki basi ni mkono. Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Daktari anaukamata mkono wa mgonjwa kwa upana, pale vidole vinapoanzia, anaubana taratibu kutoka pembeni, na kuangalia uso wa mgonjwa. Anafanya vivyo hivyo kwenye unyayo, chini ya vidole. Kisha anapapasa kifundo kimoja kimoja kwa vidole gumba viwili. Uvimbe wa baridi yabisi ni laini na unabonyea, tofauti na uvimbe mgumu wa mfupa wa osteoathraitisi. Mabonde yaliyo kati ya vifundo mtu anapokunja ngumi yanakuwa yamejaa. Kazi nzima haizidi dakika tano. Wagonjwa wengi watakuambia walizunguka kwa miezi bila kuguswa mikono hata mara moja. Walielezea, daktari akaandika, karatasi ikaenda maabara.

Yalikofundishwa

Fungua kitabu cha tiba kwenye sura ya ugonjwa huu, na picha utakayoipata mara nyingi ni ya mikono iliyopinda, vidole vimeangukia upande wa kidole cha mwisho, vifundo vimechomoza. Mchoraji Renoir wa Ufaransa aliishi miaka yake ishirini na tano ya mwisho na mikono ya namna hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1919, na picha alizopigwa uzeeni zinazojulikana zaidi ni za mikono hiyo ikishika brashi. Mwanafunzi anakariri sura hiyo. Miaka mitano baadaye anaingia mgonjwa ambaye vidole vyake vimenyooka, pete tu haitoki, na daktari haoni chochote kinachofanana na alichokariri. Alifundishwa mwisho wa ugonjwa, akapewa kazi ya kuutambua mwanzo wake.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Udaktari hufundishwa wodini, vitandani. Zamani wagonjwa wa baridi yabisi walilazwa kwa wiki nyingi, na kila mwanafunzi aliwaona. Siku hizi dawa ni bora, wagonjwa hutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo kwenye kliniki ambazo wanafunzi wengi hawapiti, au wanapita kwa siku chache. Mafanikio ya matibabu yameuondoa ugonjwa machoni pa wale watakaotakiwa kuutambua.

Matokeo yake yamewahi kupimwa. Mwaka 2009 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilichunguza huduma za wagonjwa hawa na kukuta kwamba kwa wastani mtu humwona daktari wa kawaida mara nne kabla ya kupelekwa kwa bingwa, na karibu mmoja kati ya watano huenda zaidi ya mara nane. Kutoka dalili za kwanza hadi kuanza matibabu ilikuwa wastani wa miezi tisa. Hiyo ni nchi yenye mabingwa wa kutosha kulinganisha na sehemu kubwa ya dunia. Mapendekezo ya Ulaya yanataka mtu mwenye viungo vilivyovimba aonwe na bingwa ndani ya wiki sita tangu dalili zianze.

Dawa zinazotuliza na dawa zinazozuia

Hapa kuna mkanganyiko unaowagharimu wagonjwa hata baada ya ugonjwa kutambuliwa. Kwa miongo mingi madaktari walifundishwa kupanda ngazi polepole: kwanza aspirini na mapumziko, kisha dawa nyingine ya maumivu, na dawa kali zibaki akiba kwa walioharibika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 utaratibu huo ulipinduliwa, baada ya kuonekana kwamba uharibifu mkubwa hutokea katika miaka miwili ya kwanza, wakati mgonjwa bado yuko kwenye ngazi ya chini. Lakini mazoea ya kazi hayapinduliwi kwa tangazo. Mpaka leo kuna wagonjwa wanaoishi kwa diklofenaki na ibuprofeni mwaka baada ya mwaka. Dawa hizi hupunguza maumivu na uvimbe kwa saa kadhaa. Haziuzuii ugonjwa kula mfupa, na zikitumika muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, huharibu figo na kuongeza hatari kwa moyo.

Steroidi, dawa kali za kupunguza uvimbe, nazo zina historia ya kuvutia na hatari yake. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake kwenye hospitali ya Mayo huko Marekani walimdunga kotisoni mwanamke aliyekuwa hawezi kutoka kitandani, na baada ya siku chache alitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Furaha haikudumu. Dozi kubwa za muda mrefu zilileta mifupa mepesi, kisukari, shinikizo la damu, ngozi nyembamba na maambukizi. Leo steroidi kama prednisoloni ina nafasi yake: dozi ndogo, kwa muda mfupi, wakati dawa kuu ikisubiriwa ifanye kazi. Tatizo ni sindano au vidonge vinavyotolewa na daktari ambaye bado hajajua anatibu nini. Mgonjwa anapata nafuu ya ajabu kwa wiki chache, uvimbe unatoweka, na akifika kwa bingwa katika wiki hizo mikono haina cha kuonyesha. Ushahidi umefutwa, ugonjwa uko palepale.

Dawa kuu ni methotreksati, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1988 na ambayo mpaka sasa ndiyo inayoanzwa kwanza karibu kila mahali. Madaktari wasioijua vizuri huiogopa na kumwogopesha mgonjwa: “Hiyo ni dawa ya saratani, itakumaliza.” Ni kweli hutibu saratani, kwa dozi zinazoweza kufikia gramu. Kwa viungo hutumika miligramu 7.5 hadi 25, mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki, huku damu na ini vikipimwa kila baada ya muda. Maneno “mara moja kwa wiki” yanapaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye cheti na kurudiwa kwa mdomo, pamoja na jina la siku. Watu wamekufa duniani kwa sababu mtu aliandika au kusoma “kila siku”. Jambo la pili ambalo mgonjwa huwa haambiwi ni kwamba dawa hii huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kuonyesha nguvu zake. Asipoambiwa, wiki ya tatu ataiacha akisema haifanyi kazi, na daktari atamwita mkaidi.

Ikishindwa, zipo dawa nyingine za kuongezea, na tangu mwaka 1998, ilipoidhinishwa etanasepti, zipo dawa za kibayolojia zinazozuia kemikali mahususi za uvimbe. Ni ghali, na kabla ya kuzianza lazima mgonjwa apimwe kifua kikuu kilichojificha. Lakini utafiti ninaoupenda kuliko yote hauhusu dawa mpya. Ulifanyika Glasgow, Uskoti, ukachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Jingine lilionwa kila mwezi, viungo vikahesabiwa, alama zikaandikwa, na kama ugonjwa ulikuwa haujatulia dawa ilibadilishwa siku hiyohiyo. Dawa zilikuwa za kawaida, za bei ya kawaida, za pande zote. Baada ya miezi kumi na minane, asilimia 65 ya waliofuatiliwa kwa karibu walikuwa wametuliwa kabisa na ugonjwa. Kwenye huduma ya kawaida walikuwa asilimia 16. Tofauti yote hiyo ilitokana na daktari kuhesabu na kuchukua hatua.

Mwili uliosahauliwa

Ujinga mwingine ni wa kudhani ugonjwa unaishia kwenye viungo. Kinga iliyovurugika huzunguka na damu. Wagonjwa wa baridi yabisi wana hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa kubwa kwa takriban mara moja na nusu kuliko wengine, lakini wengi hawapimwi shinikizo wala mafuta ya damu kwa nia hiyo. Mapafu yanaweza kupata makovu. Kikohozi kikavu na pumzi kukata havipaswi kuchukuliwa kirahisi. Jicho jekundu linalouma linaweza kuwa sehemu ya ugonjwa huuhuu. Upungufu wa damu ni wa kawaida, na hautibiki kwa vidonge vya madini chuma pekee kama chanzo ni uvimbe.

Shingo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kwa walioumwa muda mrefu, kano zinazoshikilia mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo zinaweza kulegea. Mgonjwa anaweza asijue. Siku akipelekwa kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa kitu kisichohusiana na viungo, akapigwa nusu kaputi na kichwa chake kikakunjwa nyuma kupitisha mpira wa kupumulia, uti wa mgongo unaweza kubanwa. Mtaalamu wa usingizi aliyeambiwa mapema ataagiza picha ya shingo na kuchukua tahadhari.

Na nyayo. Kuna hesabu inayotumika sana duniani kupima ukali wa ugonjwa, ya viungo 28. Inahesabu mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Miguu kuanzia kifundo kwenda chini haimo. Wagonjwa wengi husema wanatembea kama wanaokanyaga kokoto ndani ya viatu, na bado alama zao zinasoma “ugonjwa umetulia”, kwa sababu hakuna aliyewavua viatu.

Uchovu nao hauna kisanduku kwenye fomu nyingi. Unatokana na uvimbe wenyewe, usingizi uliokatwa na maumivu, na upungufu wa damu. Kulala hakuuondoi. Daktari anayeusikia na kujibu “sote tunachoka” ameonyesha kwamba ugonjwa haujui.

Wanawake wenye umri wa kuzaa wanapata hasara ya pekee. Wapo wanaoambiwa wachague kati ya dawa na mtoto. Kati ya dawa za ugonjwa huu, methotreksati na leflunomaidi kweli hazifai katika ujauzito, na methotreksati huachwa mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kubeba mimba. Lakini sulfasalazini na haidroksiklorokwini hutumika, na kwa wanawake wengi ugonjwa hupungua wakati wa mimba kisha kurudi kwa nguvu miezi michache baada ya kujifungua. Hili linapangwa mapema, kwa mazungumzo. Mama akiambiwa tu “usizae”, au akiachiwa ashike mimba akiwa kwenye dawa isiyofaa, ni kosa la aliyepaswa kuongea naye.

Mgonjwa asiyeaminiwa

Ugonjwa huu hubadilika siku kwa siku na saa kwa saa, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aonekane mwongo. Asubuhi hakuweza kushika kikombe. Miadi ni saa nane mchana. Akiingia chumbani anampa daktari mkono, mkono unakunjika, uso umepakwa vizuri. Daktari anaandika kwamba mgonjwa anatembea bila shida. Akisisitiza, anaulizwa kama ana msongo wa mawazo, kama nyumbani kuna amani. Baada ya mara kadhaa za namna hiyo watu huacha kueleza. Wengine huanza kujitilia shaka wao wenyewe. Wengine huhamia kwa yeyote anayewaamini, akiwemo muuza dawa zenye steroidi zilizosagwa ndani bila kuandikwa. Sonona ni ya kawaida zaidi kwa wagonjwa hawa kuliko kwa watu wengine, na sikubaliani na wanaoichukua kama udhaifu wa tabia. Mtu aliyeumia kila asubuhi kwa mwaka mzima na kuambiwa kila mwezi kwamba haumwi ana haki ya kuvunjika moyo. Kazi nazo hupotea, hasa zinazotegemea mikono, na mara nyingi ni katika miaka ileile ya mwanzo ambayo matibabu yangeziokoa.

Kwa sasa, mpaka ufundishaji ubadilike, mgonjwa analazimika kubeba sehemu ya kazi ya daktari. Si haki, ila inasaidia. Piga picha ya mikono na nyayo kwa simu asubuhi unapoamka, siku kadhaa, ili tarehe na saa vionekane. Badala ya “viungo vinauma”, sema asubuhi unakakamaa kwa muda gani mpaka uweze kufunga ngumi, viungo gani, tangu wiki gani, na nini huwezi kufanya ambacho ulikuwa unafanya. Taja kama mzazi au ndugu wa damu ana ugonjwa huu. Kama unavuta sigara, sema, kwani sigara huchochea ugonjwa na kuufanya mkali zaidi. Omba mikono iguswe. Kama umeshachomwa sindano ya steroidi au unameza vidonge usivyovijua, mwambie bingwa kabla hajakuangalia.

Na ukiambiwa vipimo viko safi huku vifundo vimejaa, usibishane kuhusu jina la ugonjwa. Uliza swali ambalo daktari anawajibika kulijibu: kama hii siyo baridi yabisi, ni kitu gani kimevimbisha viungo hivi kwa zaidi ya wiki sita, na tutakithibitisha vipi? Mwombe aliandike jibu lake kwenye faili, pamoja na tarehe ya kurudi isiyozidi wiki chache. Akikosa jibu la kuandika, hapo ndipo pa kuomba rufaa kwa bingwa, au, pasipo na bingwa karibu, kumwomba ampigie simu mmoja angali wewe upo.